Dereva Bila Gari

Januari, Białystok. Theluji imeziba nusu ya dirisha
katika ofisi ya hati ya Bi Wierzbicka,
nami nimevua viatu mlangoni, nimeketi na soksi
mbele ya kompyuta inayozimia.

Haizimiki. Inazimia. Tofauti ni kubwa:
taa zinawaka, feni inavuma,
ila programu ya hati, ukigusa faili moja tu,
inaganda, inapauka, inaanguka kifudifudi
bila hata neno la kuaga.

"Ni mikono ya Kinga," bosi aliniambia kwenye simu.
"Meza nyingine tatu hazina neno."

Kinga ana miaka ishirini na miwili.
Kila ajali ameiandika kwenye daftari, kwa wino wa kijani:
saa tatu na dakika kumi, wosia wa mzee Hryniewicki;
saa tatu na robo, wosia uleule;
saa nne, shamba la ndugu wawili wasiosemezana.
Pembeni, kwa herufi ndogo: samahani.

Mimi sipigi ramli. Naondoa kimoja kimoja.
Nimeondoa fonti. Bado.
Nimebadilisha vibao vya kumbukumbu. Bado.
Nimefuta programu, nimeiweka upya,
nimeusubiri mstari wake utambae kama konokono. Bado.
Nikafungua hati tupu, isiyo na hata nukta.
Nayo ikaanguka.

Hapo nikaacha chai ipoe.
Hati tupu haina mwandishi wala mkosaji.
Karatasi isiyo na neno inamwangushaje mtu?

Nikaingia kwenye kumbukumbu za mashine,
zile zisomwazo na mwenye shida tu:
namba, namba, msururu wa namba,
na mwisho wa kila ajali, mara kumi na saba,
faili lilelile, lenye jina la printa
ambayo humu ndani sikuiona.

"Kinga, meza hii ilikuwa ya nani?"
"Ya bwana Zdzisław. Alistaafu Mei.
Printa yake akazawadiwa. Anachapia nota za kwaya."

Ahaa.

Unajua, hati ikifunguliwa,
kabla haijakuonyesha neno la kwanza,
programu huigeukia printa iliyoteuliwa na kuuliza:
karatasi yako ina upana gani? Pambizo waacha kiasi gani?
Ni adabu tu, kama kupiga hodi.
Na anayeitikia si printa, ni kiendeshi chake;
mimi humwita dereva.
Gari limeondoka Mei, yeye kabaki,
kakalia hewa, usukani mkononi,
na akiulizwa njia haungami kwamba hana magurudumu.
Anakanyaga mafuta.

Kikulacho ki nguoni mwako, sawa,
lakini nguo hii Kinga aliirithi.

Nikateua printa nyingine. Hati ikafunguka.
Nikamrudisha dereva. Ikaanguka.
Nikamwondoa tena, ikafunguka; nikamrudisha, ikaanguka.
Nilirudia mara tatu,
maana bahati nayo hupenda kujifanya ushahidi.

Kumfuta: sekunde nne.
Kumtafuta: siku moja na nusu.
Najua ankara yangu italalamikiwa.

Kinga akafungua shamba la ndugu wawili.
Likakaa pale kwenye kioo, kurasa kumi na moja,
mipaka, mto, mti wa tufaha wenye mgogoro.
Hakusema kitu. Alishika kalamu ya kijani
akakosa la kuandika.

Bosi akatoka chumbani na koti begani,
akaniuliza kosa lilikuwa wapi.
Nikamweleza: printa iliyoondoka, dereva aliyebaki,
swali la upana, jibu lisilokuwepo.
Alinisikiliza hadi mwisho, akitikisa kichwa.

"Nilijua tu," akasema. "Zdzisław."

Nikafungua mdomo.
Nikaufunga.
Nikatafuta viatu vyangu.